Nyumba Yetu kwa Kiingereza

Juzi Chumbageni niliona kibao cha mfyatua matofali: “Blocks made by cement.” Nikacheka, kisha pua ikakumbuka udongo mbichi wa kijijini kwetu Maramba.

Utotoni niliandika kwamba nyumba yetu ni “made by mud”. Mwalimu akashangaa. “Kwani udongo uliamka ukajenga? ‘By’ ni mjenzi. ‘Of’ ni kile kilichotumika kujenga.”

Nyumbani nilimkuta Bibi akikandika ukuta, pa! pa!, matope hadi viwikoni.

“Bibi, nyumba yetu imejengwa kwa kitu gani?”

“Kwa mimi!” akafoka. “Kwa mgongo wangu huu!”

Nikaandika: “Our house is made of my grandmother.”

“Mlimkanda na maji?” mwalimu akauliza, darasa likaangua kicheko.

Leo Kiingereza nakijua, Bibi hayupo, nyumba ingalipo. Bado ningeandika “of”.