Neno Ambalo Bungeni Halitajwi

Mama mkwe wangu alipokuja Birmingham kukaa nasi miezi michache, tulidhani atapenda maduka. Hakuyapenda. Alichopenda ni bunge. Mchana kutwa, mke wangu akiwa hospitalini kwenye zamu na mimi nikiwa kazini, yeye alikaa kwenye sofa yetu kule Stechford, blanketi magotini, akiwatazama wabunge wa Uingereza wakizomeana kwenye televisheni. Kiingereza chake ni cha darasa la saba la zamani, yaani ni kizuri kuliko anavyokubali, na yale aliyoshindwa kuyaelewa aliyaweka akiba mpaka nirudi nimfafanulie.

Kazi ya kufafanua mambo huniangukia mimi. Nilizaliwa Malindi, na sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wa kudhani kwamba Kiswahili ni mali yetu na wengine wote wamekiazima. Kila mkutano wa Waswahili wa mji huu unaohitaji mkalimani naitwa mimi, na nisipoitwa nanuna.

Wiki hizo bunge lilikuwa na kelele za mishahara: kama wabunge wanalipwa kupita kiasi, kama wanalipwa kidogo, na nani alidai nini kwa kazi gani. Mama alistaajabu kuona mbunge baada ya mbunge akija kwenye televisheni kusema kwamba nyongeza hiyo hakuiomba wala haitaki.

"Na hakuna hata mmoja anayeirudisha," alisema. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetazama mvua.

Siku moja nilimkuta amesogea ukingoni mwa sofa. "Wamemtoa mtu nje," akaniambia.

Nikaketi nikasikiliza marudio. Kisha nikamweleza kwamba humo ndani ni marufuku kumwita mwenzako mwongo. Unaweza kusema amekosea, amesahau, au hakupewa taarifa kamili. Ukisema amedanganya, unaambiwa ufute kauli, na ukikataa unatolewa.

"Kwa hiyo anayetolewa ni aliyesema, si aliyedanganya?"

"Ndiyo, Mama."

"Na yule aliyedanganya?"

"Anabaki. Na mshahara unaendelea."

Akalivuta blanketi lake. "Basi hiyo ni adabu ya ukweni," akasema.

Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha ulivyostahili, kwa sababu nilikuwa na la kuficha. Miaka kumi na mmoja kabla ya hapo, nilipokwenda kumposa binti yake, baba mkwe alikuwa ametangaza mbele ya ukoo mzima kwamba binti yake hataolewa na dereva. Alikuwa na sababu zake. Dada mdogo wa huyo baba mkwe aliolewa na dereva wa lori ambaye, ilikuja kujulikana, alikuwa na mke kila penye mizani ya malori kuanzia Mariakani hadi Malaba. Kwa hiyo nilipoulizwa nafanya kazi gani huko Ulaya, nilijibu kwamba niko ofisi ya usafiri, jijini Birmingham. Mimi ni dereva wa basi. Basi ni usafiri, na pale depo ofisi ipo. Ndani yake mna birika la chai ambalo nalitumia mara kwa mara.

Mzee amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, lakini uongo wenyewe haukuzikwa naye. Mama alipokuja, ilinibidi niuishi kila siku. Nilitoka nyumbani nimevaa shati na koti la kiofisi, sare ikiwa kwenye begi. Nilipotakiwa kuwa kazini alfajiri na mapema, nilimwambia Mama kwamba siku hizi ofisi za wazungu zinafunguliwa saa kumi alfajiri. Sikuwahi kupanda naye basi hata mara moja, maana madereva wote wananijua na wana midomo. Nilimpeleka kila mahali kwa treni na teksi, naye aliamini, au nilidhani aliamini, kwamba nina pesa za kuchezea.

Mke wangu alichoka. Zikiwa zimebaki wiki mbili Mama aondoke, alinifungia jikoni.

"Mama hataondoka hapa na uongo wako," alisema. "Umwambie wewe. Usipomwambia, nitamwambia mimi uwanja wa ndege, mbele ya watu, na wewe umeshika sanduku."

Namjua mke wangu. Nilianza kutafuta maneno, na kwa mtu anayejivunia lugha, nilishangaa jinsi yalivyonikwepa.

Ndipo ukaja mdahalo wa wagombea ubunge mbele ya Waswahili wa mji, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja wa Lozells. Walialikwa wagombea watatu. Wawili walituma salamu za kuomba radhi, kwa hiyo ukawa mdahalo wa mtu mmoja: kijana mrefu aliyekuja na baiskeli, mashavu mekundu, mwenye heshima ya kupita kiasi. Mwenyekiti alikuwa dada Msomali aliyelelewa Eastleigh na kuishi Uholanzi, ambaye aliweka simu yake mezani ipige kengele kila baada ya dakika mbili, na hakumhurumia mtu. Mama alikaa safu ya mbele ndani ya koti la baridi la mke wangu. Mimi nilisimama karibu na mgombea, kipaza sauti mkononi, nikijiona.

Mambo yaliharibika mapema. Mgombea alisema kwamba mshahara wa mbunge ni jambo moja na gharama anazorudishiwa ni jambo jingine, na kwamba yote yanaandikwa hadharani, anayetaka akayasome. Nikasema: mshahara na marupurupu. Wakenya na Watanzania wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja wa Lubumbashi akanyoosha mkono.

"Marupurupu ni kintu gani?"

"Ni posho, mzee wangu," nikasema, nikiamini nimerahisisha.

"Posho?" Akasimama. "Ile ya bunga? Papa yangu alikuwa anatumika ku mine. Kila juma banamupa posho: bunga, samaki, na chumvi. Sasa député wa hapa naye banamupa kilo ngapi?"

Ukumbi ukawa sokoni. Mtanzania mmoja akasema posho ni pesa, tena nzuri, hasa ukikaa kikao. Mkenya akasema posho ni mahali pa kusagia mahindi. Mzee hakutaka kusikia la yeyote. Baba yake mwenyewe alikula posho ya mgodini, na posho ni unga. Mgombea alinitazama akitabasamu, akisubiri. Ningeweza kumweleza yote hayo, lakini simu ya mwenyekiti ilikuwa karibu kulia, na mimi nina tabia ya kulainisha. Nikamwambia kwa Kiingereza: mzee anauliza kuhusu chakula.

Tabasamu likamtoka. Akashika ukingo wa meza. Akasema, ndiyo, anajua jambo hilo linazungumzwa, na angependa kulieleza mwenyewe. Alipokuwa diwani alidai pesa za biskuti za mkutano, mkutano ukaahirishwa, na biskuti akazila yeye mwenyewe nyumbani kwa muda wa wiki moja. Pesa alikwisha kuzirudisha.

Nikatafsiri neno kwa neno. Kicheko kikaanzia nyuma na kuja mbele.

"Biskuti?" akasema nesi mmoja Mkenya, karibu kwa huzuni. "Kwetu mtu anakula barabara, na daraja lake, na bado anaitwa mheshimiwa. Huyu mtoto aende nyumbani."

"Basi hapana bunga," mzee wa Lubumbashi akasema, akakaa chini, ameridhika.

Nami nilijiambia kwamba kosa langu limezaa ukweli ambao swali sahihi lisingeuzaa kamwe, nikajipongeza. Ilikuwa mapema mno. Mama alikuwa amenyoosha mkono.

Yeye hata kura hana hapa. Mwenyekiti alimpa nafasi kwa sababu ya umri. Akasimama taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Mwulize huyu kijana," alisema kwa Kiswahili, "amewahi kudanganya watu kuhusu kazi yake?"

Sijui uso wangu ulifanya nini. Najua ulimi wangu ulifanya nini. Niligeuka kwa mgombea nikamwambia kwa Kiingereza kisafi kwamba mama huyu angependa kusikia anavyoieleza kazi yake.

Akaanza kuieleza. Aliieleza kwa furaha, mikono ikiruka. Mama akamwacha amalize nusu, kisha akasema kwenye kipaza sauti, kwa upole ule ule wa sebuleni, "Sikuuliza hivyo. Sijasikia ukisema *lie*. Hilo neno nalijua, nimelisikia bungeni siku ile."

Watu wakageuka kunitazama. Mwenyekiti akaziba simu yake kwa kiganja.

"Mkalimani," akasema, "usitupee summary. Sema vile mama amesema. Na sema yote."

Nimeendesha basi kwenye theluji, nimeendesha basi lililojaa washabiki siku timu yao imefungwa pale Aston, lakini sijawahi kutokwa jasho namna ile. Nikamwuliza mgombea: umewahi kudanganya watu kuhusu kazi yako? Sauti ilinitoka nyembamba.

Akafikiri. Akasema siku zote amejitahidi kuwa muwazi.

"Anasema yeye ni mtu wa uwazi," nikatafsiri.

"Hiyo ni ndiyo ama ni hapana?" Mama akauliza.

Nikamwuliza. Akasema ni swali zuri sana. Akasema imani ya wananchi ni kitu muhimu, kwamba siasa imekuwa mbali na watu, kwamba yeye mwenyewe ametoka familia ya kawaida, na hapo akataja bibi yake. Alisema kwa dakika mbili kamili mpaka simu ikalia. Ukumbi mzima ukaningoja. Kwa kawaida hotuba kama ile naipamba; naitia "ndugu zangu" hapa na "kwa hakika" pale, na watu hunisifu baadaye kwenye chai. Nilimtazama Mama, naye alikuwa akinitazama mimi, si mgombea.

"Hakujibu," nikasema.

Walipiga makofi kuliko yote waliyopiga siku ile. Mgombea, maskini, alidhani ni yake, akainamisha kichwa kushukuru. Mimi sikufurahi hata kidogo. Nilijisikia mnafiki, kwa sababu nilikuwa nimemhukumu kijana wa watu kwa neno moja, na swali lenyewe nililijua lilikuwa limetumwa kwa nani.

Tulipotoka nikachukua simu niite teksi. Mama akaniwekea mkono juu yake.

"Leo tupande basi," alisema.

Tukaenda kituoni tukasimama. Upepo ulikuwa ukivuta karatasi za mgombea barabarani, picha yake ikitabasamu juu ya kila moja. Nilihesabu kwamba basi lingefika baada ya dakika nne, na nilijua ni nani angekuwa kwenye usukani, na nilijua angenisalimia namna gani. Lakini sikutaka Mama aupate ukweli kutoka kwa mwingine. Nilitaka ausikie kwangu.

"Mama," nikasema, "mimi ni dereva wa basi. Sina ofisi. Sijawahi kuwa na ofisi."

Alikuwa akisoma jedwali la kituo, uso karibu na kioo. "Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mahari. Binti yangu alituambia sote wawili. Hawezi kuficha kitu yule."

Kwa hiyo mke wangu, aliyenifungia jikoni kwa ajili ya ukweli, alikuwa amenidanganya miaka kumi na mmoja. Nilitaka kukasirika, na ningekasirika, lakini kuna neno moja lililonishika.

"Sote wawili? Na Mzee pia?"

"Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akasema, mwacheni kijana, ameogopa, atasema mwenyewe." Akageuka kutoka kwenye jedwali. "Ndiyo maana alikuwa akikupigia simu Jumapili. Mimi nilimwambia, mwulize tu moja kwa moja. Akasema hapana, mkwe haulizwi hivyo. Anapewa nafasi."

Basi likaja. Mwenzangu kwenye usukani akapiga honi, akaniita kwa jina la utani, akatupungia tuingie bure, na Mama akamshukuru kwa Kiingereza chake chote. Akakaa dirishani, akaanza kutazama barabara kwa raha ya mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu. Mimi nilikaa kando yake, nikaumia, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Kwa sababu alipiga kila Jumapili, kwa miaka minane. "Ofisini kunaendaje?" aliuliza, kisha akanyamaza, na kimya kile mimi nilidhani ni mtandao mbaya, nikafanya haraka kukijaza. Nilimwambia kuhusu dirisha langu. Nilimwambia tumeletewa bosi mpya, mkali. Jumapili ya mwisho alikuwa kitandani hospitalini, sauti imebaki kidogo. Akauliza vile vile, akanyamaza vile vile, nami nikamwambia wamenipa kiti kipya, cha kuzunguka. Akasema amefurahi, nikikalie kwa amani.