Mchezo wa Kulaaniana

Mjukuu wangu aliniambia, huku anachambua dagaa, kwamba kocha amempa pedi.

Niliacha kupepeta mchele. "Kocha yupi?"

"Wa kriketi, bibi. Zile za mwanzo nilikuwa naazima kwa mwenzangu, lakini zilikuwa zinanipwaya."

Sasa wewe unayesoma, kama una binti wa kidato cha pili ndani ya nyumba, jiulize ungefanyaje. Mwanaume ambaye si baba yake wala si mjomba wake anampa pedi. Na kabla ya hapo alikuwa anaazima za mwenzake, jambo ambalo hata sisi wa enzi za vitambaa hatukulifanya. Nikamuuliza taratibu, maana mtoto ukimkaripia anafunga mdomo, "Na hizo pedi unazivaa wapi?"

"Miguuni, bibi."

Miguuni! Nikarudi kwenye mchele wangu. Nilijua nadanganywa, na mtu anayekudanganya usimpe nafasi ya kuupanga uongo wake vizuri.

Hata hivyo, shaka yangu haikuanzia hapo. Kwanza alianza kurudi na alama nyeusi mapajani na mkononi. Nikimuuliza, "Mpira, bibi." Mpira gani unamchubua mtu kama fimbo ya mlinzi? Sisi tulicheza rede mpaka giza, mpira wa soksi unakupiga mgongoni na unaendelea kucheka. Kisha nikamsikia uani na mwenzake mmoja wa mtaani kwetu hapa Kiseke, wanakimbia huku na huku wakipishana, na kila anayekimbia anapigiwa kelele: "Laani! Laani! Laani tena!" Nilitoka na mwiko mkononi. Nyumbani kwangu hakuna mtu anayelaaniwa, hata kwa utani. Laana haijui utani.

"Ni mchezo tu, bibi!"

"Kalaanieni kwenu."

"Kwetu ndiyo hapa," akasema. Huyo ndiye mjukuu wangu. Ukimwambia aoshe sufuria anakupa hotuba. Ukimwambia mvua itanyesha anakuuliza umejuaje.

Mama yake yuko Kahama anafanya biashara ya nguo, mimi ndiye niliyeachiwa. Mtoto wa kuachiwa ni mzito kuliko wa kuzaa. Wa kuzaa akiharibika utajilaumu mwenyewe. Huyu akiharibika nitaulizwa.

Na huyo kocha alishakuja nyumbani. Kijana mrefu, mpole mno. Wapole mno nawaogopa. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Sikumkaribisha kiti.

Akasema mjukuu wangu amechaguliwa kwenye timu ya wasichana ya kwenda Dar es Salaam, kucheza na wasichana wa mikoa mingine. Wiki nzima watakaa huko, bwenini.

"Nauli na chakula nani analipa?"

"Kuna wafadhili, bibi. Wahindi wenye maduka hapa mjini."

"Wanataka nini?"

"Hawataki kitu. Wanapenda tu mchezo."

Hapo ndipo aliponipoteza kabisa. Nimenunua kwenye maduka ya mji huu tangu nikiwa msichana, na mwenye duka asiyetaka kitu sijakutana naye. Nikamwambia jibu langu atalipata Jumamosi, na Jumamosi nitakuja mwenyewe huko uwanjani niuone huo mchezo wenu. Alivyoondoka mtoto akaanza kulia. Akasema nikikataa hataongea na mimi tena maisha.

"Utakuwa umenipunguzia kelele," nikamwambia. Lakini jioni ile hakula, nami nikaona kumbe jambo hili kwake si dogo.

Basi Jumamosi nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikaenda. Sikumwambia naondoka saa ngapi. Ukitaka kumjua mtu, usimpe saa.

Uwanja uko mjini, una ukuta, na nyuma ya ukuta yale mawe yetu makubwa yamebebana. Nilikuta wasichana wamevaa nguo nyeupe. Nguo nyeupe kwenye vumbi la Mwanza! Anayefua si kocha. Pembeni palikuwa na benchi chini ya turubai, na juu yake amekaa mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima kama mimi, sari ya bluu, miguu imevimba, chupa ya chai ubavuni.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia. Kisukuma safi kabisa.

Niliitikia, lakini nikajiuliza huyu Kisukuma amekitoa wapi na anakitumia kutafuta nini. Akafungua kopo la bhajia akanisogezea.

"Nimeshiba," nikasema.

"Dada, ukiogopa, nianze mimi." Akachukua moja, akala, akachukua nyingine. "Unaona? Bado mzima. Kiuno tu ndiyo kibaya, na hicho hakikuharibiwa na bhajia."

Nilichukua moja. Ndogo.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama katikati ya uwanja, ameshika ubao mrefu kama wa kusukumia udongo. Na miguuni, kuanzia kwenye kifundo mpaka juu ya goti, amefungwa vitu vinene vyeupe kama vigodoro.

"Vile ni nini?" nikauliza.

"Pedi. Bila zile mpira ule ungemvunja mfupa. Mgumu kama jiwe."

Kuna wakati mtu anashukuru kwamba hakuongea zaidi siku ile aliyotaka kuongea zaidi. Lakini jambo moja kuwa la kweli halifanyi mengine yawe ya kweli, kwa hiyo nikaendelea kuuliza.

Wewe usiyeujua mchezo huu, sikiliza nilivyouelewa kwa huyo mama, maana alinielezea kwa namna ya ziwani na ukaniingia.

Nyuma ya mwenye ubao kuna vijiti vitatu vimesimikwa, na juu yake vimelazwa vijipande viwili. Hivyo ndivyo wanavyoviita wiketi. "Chukulia hivyo ni dagaa wako umeanika mwaloni, kando ya ziwa," akaniambia. "Mpira ni mwewe. Mrushaji anamrusha mwewe akachukue dagaa. Mjukuu wako kazi yake kumfukuza mwewe kwa ule ubao. Mwewe akigusa dagaa, vijipande vikaanguka, mwanikaji ametoka, anakuja mwingine."

"Na akimpiga mwewe?"

"Akimpiga akaenda mbali, hapo sasa ndiyo faida. Unaona mwenzake yule wa upande wa pili, naye ana vijiti vyake? Wanakimbia wanabadilishana nafasi. Kila wakibadilishana ni mkimbio mmoja kwa timu yao. Lakini wakiwa njiani, dagaa hawana mtu. Mpira ukirudishwa ukapiga vijiti kabla hawajafika, aliyechelewa ametoka."

Hilo nililielewa mara moja. Nimeanika dagaa miaka mingi. Kila mara unapotoka kwenda kuzungumza na jirani, unapima, mwewe yuko wapi, na mimi nina mbio kiasi gani.

Mpira ukitambaa mpaka kwenye kamba ya pembeni, hawakimbii, wanapewa minne bure. Ukipaa ukavuka kamba bila kugusa chini, sita. Ukidakwa hewani kabla ya kugusa chini, mpigaji ametoka, hata kama alipiga vizuri namna gani. Mrushaji mmoja anarusha mara sita, kisha mwenzake anarusha kutoka upande ule mwingine. Timu moja ikimaliza kupiga, ya pili nayo inapiga, na yenye mikimbio mingi ndiyo imeshinda.

"Basi ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu, na unaweza kukaa mpaka jioni."

Wakati anasema hivyo, msichana wa upande wa pili akapiga kelele, "Lani! Lani!" na mjukuu wangu akachomoka.

"Na kulaaniana je?" nikamuuliza. "Hilo nalo lina dagaa?"

Hakunielewa mwanzoni. Alipoelewa alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Rani, dada! Ni Kiingereza, kimbia! Hawa watoto wa huku, r inawashinda. Na huyo anayepiga kelele ni mjukuu wangu mimi, usinitazame hivyo, amezaliwa hapa, ulimi wake kama wa wenu. Ndiye aliyekuwa anamwazima wako pedi."

Kwa hiyo huyo ndiye mwenzake wa pedi. Nilimtazama vizuri yule msichana wa Kihindi, mwembamba, kofia imemfunika macho, anakimbia kumkuta wangu, wanapishana katikati bila kugongana. Nikamuuliza bibi yake lile lililonileta. "Mnalipia watoto wa watu. Mnataka nini?"

Hakukasirika. Akamimina chai. "Timu inataka wasichana kumi na moja. Wetu hawafiki hata watano. Wako asipokwenda, wangu naye hachezi." Akanywa. "Umeniuliza, nimekujibu."

Jibu lile nililipenda. Mtu akikuambia anachotaka, angalau unajua pa kumtazama.

Ndipo likatokea jambo. Mrushaji alikuja mbio, mpira ukadunda, mjukuu wangu akautafuta kwa ubao akaukosa, ukampiga kwenye pedi. Wasichana wote wa upande ule wakageuka wakamlilia mwamuzi kama watu wanaodai haki yao. Mwamuzi, mzee mmoja mwenye kofia pana, akafikiri kidogo, akanyanyua kidole kimoja.

"Ametoka," akasema jirani yangu, sauti imeshuka.

"Ametokaje? Vijiti vimesimama! Dagaa hawajaguswa!"

"Mguu umezuia mpira. Usingekuwa mguu, mpira ungepiga vijiti."

"Nani kasema?"

"Mwamuzi."

"Ameuonaje mpira ambao haukufika? Huyo ni mwamuzi au mganga?"

Nilikuwa nimeshasimama. Mimi sijasoma, niliishia darasa la nne, lakini najua huwezi kumhukumu mtu kwa jambo ambalo halikutokea. Nikaanza kuelekea kwenye kamba. Nilijua kabisa kitakachofuata, maana namjua mtoto niliyemlea: atabishana na yule mzee mpaka jua lizame, nami nitakuwa nyuma yake, kwa mara ya kwanza tuko upande mmoja.

Hakubishana. Aliuweka ubao kwapani, akaanza kutoka, taratibu, anavua glovu.

Nilishtuka kuliko kama angepiga kelele. Wamempa nini mtoto huyu? Alipofika kwenye kamba nikamshika mkono.

"Mbona umekubali? Kidole kimoja tu! Mimi nikikuambia ufagie unaniletea mashahidi!"

"Bibi, jamani, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Sema. Umeogopa?"

"Mguu ulikuwa mbele ya wiketi, bibi. Nilijua hata kabla hajanyanyua." Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini hayakudondoka. "Nilitaka Dar, nimeharibu mbele yako. Basi. Sema tu hapana, twende nyumbani."

Sikusema hapana, wala ndiyo. Nilimwambia akakae na wenzake, mchezo haujaisha, na afute pua yake. Nikarudi kwenye benchi. Jirani yangu alinisogezea kopo, na safari hii sikuangalia ni kubwa au ndogo.

Nilifikiri muda mrefu pale. Kwa jinsi anavyonijibu, siku zote nilidhani mtoto huyu hamheshimu mtu yeyote duniani. Kumbe yupo anayeweza kumwambia umekosea akakubali, tena ametoka huku moyo unamuuma. Mtoto wa namna hiyo anaweza kwenda Dar. Huyu ninayemjua ni mwema kuliko nilivyodhani. Nisiowajua ni hao wengine.

Mchezo ulipoisha, timu yao ikiwa imeshindwa, kocha akanijia akitembea kama mtu anayekwenda kupimwa damu.

"Shikamoo, bibi. Umeuonaje mchezo?"

"Marahaba. Mchezo nimeuona. Sasa niambie, huko bwenini, usiku, nani anafunga mlango wa wasichana?"

"Mimi, bibi, nitahakikisha..."

"Wewe ni mwanamke?"

"Hapana, bibi."

"Timu ya wasichana mnasafiri wiki nzima, na mwanamke mtu mzima yuko wapi?"

Akajikuna shingo. Akasema walikuwa na mwalimu mmoja wa kike lakini amejifungua, na kumpata mwingine imekuwa shida, ila wasichana wote wana nidhamu.

"Sijauliza nidhamu yao. Nimeuliza mwanamke."

Jirani yangu akasema kutoka kwenye benchi, "Anauliza la maana, kijana. Mjibu." Kumbe naye lilikuwa linamkera, ila miguu ile isingemfikisha hata Shinyanga.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma ya kocha, glovu mkononi, anatafuna kamba ya kofia.

"Hamna mwanamke," nikasema. "Basi yupo. Tafuteni kiti kingine kwenye basi."

"Bibi!" mtoto akapiga kelele, na sikujua kama ni furaha au aibu. Nadhani vyote viwili.

Tuliondoka alfajiri. Wasichana walikaa nyuma wakiimba mpaka Nzega wakachoka. Kocha alichagua kiti cha mbele karibu na dereva. Nami nikachagua cha nyuma yake, nikakitazama kisogo chake mpaka Dar es Salaam.