Nyuzi za Muwa na Punje za Buni

Siku ile katika chumba cha kazi cha bwana tulikuwa wanne: bwana mwenyewe, mtafiti wa Kizungu; karani wake, aliyekuwa pia mkalimani; mimi; na mdogo wangu wa mwisho, amelala mgongoni kwangu. Wadogo wengine wawili walikuwa nyumbani Nkoaranga wakisubiri posho. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami niliacha shule darasa la pili. Katika shamba la bwana la majaribio, kule chini karibu na Tengeru, kazi yangu ilikuwa kufunika maua ya miwa kwa mifuko ya kitambaa, ili muwa mtamu upate chavua ya muwa mwitu peke yake.

Asubuhi ile bwana aliniita ndani nihesabu. Alikuwa amekata ncha ya mzizi wa mche uliozaliwa na miwa hiyo miwili, akaitia rangi, akaitazama kwa hadubini na kuchora alichokiona: vijiti vifupi vimetawanyika kwenye karatasi. Kwa lugha yao ni kromosomu. Karani aliviita nyuzi. Kila mzazi, alinieleza, humpa mtoto nusu ya nyuzi zake. Bwana alishapiga hesabu ya jumla ya nusu hizo mbili. Alitaka mtu asiyeijua aithibitishe.

Niliweka punje moja ya buni juu ya kila uzi, kisha nikazikusanya kumi kumi. Nikataja idadi.

"Zimezidi," karani alitafsiri. "Tena sana. Rudia."

Nikarudia. Zikawa zilezile. Mara ya tatu bwana alisimama nyuma yangu, akipumua. Zikawa zilezile.

"Anasema unaweka punje mbili mbili. Kama hujui kuhesabu, kesho usije."

Nisipokuja hakuna posho, na unga wa nyumbani ulikuwa umekwisha jana yake.

Karani aliinama. "Dada, toa konzi moja tu, twende tukale."

"Nitoe zipi?"

"Zozote! Hizi ni buni, si ng'ombe wa baba yako."

"Kila moja imekaa juu ya uzi. Mwambie anioneshe iliyokaa bure."

Karani alikohoa kwanza, ndipo akatafsiri. Bwana akawa mwekundu. Alivuta kiti, akahesabu mchoro wake mwenyewe, mara mbili. Kisha akatoa mzizi mwingine kwenye chupa, wa mche mwingine wa wazazi walewale, akaanza upya. Mdogo wangu aliamka, akala ndizi, akalala tena.

Saa tisa bwana aliweka penseli chini, akasema maneno mengi.

"Anasema baba, yaani muwa mwitu, alitoa nusu, kama kawaida," karani alisema. "Lakini mama, ule muwa mtamu, alitoa zote. Hakubakiza hata uzi mmoja."

"Kwa hiyo kesho nije?"

"Uje. Na anasema ana deni kwako."

"Deni la nini?"

Karani akamwuliza. "La samahani."

"Samahani inadaiwa?"

"Kwao inadaiwa."

"Basi alipe."

Karani alitafsiri. Bwana akatazama saa yake, akavaa kofia, akaenda kula.

Nilihesabu nyuzi za miche yake mpaka mwaka aliorudi Ulaya. Siku ya kuondoka alinipungia mkono kutoka ndani ya gari. Salamu hiyo sikuihesabu kuwa malipo.