Hapana ya Tatu

Siku waliyomzika mama yake, Signe Tollefsrud aliteremka ngazi za ukumbi ulio chini ya kanisa, na kilichompokea kwanza ni harufu: kahawa iliyochemka tangu asubuhi, makoti ya sufu yaliyolowa theluji, mafuta ya nyama ya nguruwe yaliyoganda kandokando ya sinia. Mezani palikuwa na jeli ya kijani iliyozikiwa karoti ndani yake, ikitetemeka kila mtu alipopita, kama kitu kilichonyofolewa kwa mnyama. Kando ya jeli hiyo, viazi vilikuwa vimezama katika mayonezi iliyoanza kutoa jasho. Watu walitafuna. Aliwasikia wote.

Huko kwao, katika tambarare za Minnesota walikolowea watu wa asili ya Norwe, mtu hapokei chakula papo hapo. Ukipokea mara ya kwanza, wewe mlafi. Unakataa. Unakaribishwa tena, unakataa kwa sauti iliyolegea kidogo. Mara ya tatu unasema, "Haya, kidogo tu," na sahani inajazwa mpaka pomoni. Ukikataa ya tatu, basi umekataa kweli, na hakuna mstaarabu atakayekusumbua.

Ndani ya adabu hiyo ndimo ugonjwa wa Signe wa kujinyima chakula ulimojificha alipokuwa msichana. Alikataa kwa majirani, alikataa harusini, na kila mahali akasifiwa kwa malezi mema, huku nywele zikimtoka na uti wa mgongo ukihesabika chini ya blauzi. Kikulacho ki nguoni mwako; chake kilivaa nguo ya heshima. Aliyekivua ni mama yake, Ardis, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Mama, nimeshasema hapana."

"Nimekusikia. Nakuuliza tena. Mimi sina adabu."

Aliuliza ya nne, ya tano, mbele ya wageni, mpaka wageni wakatazama viatu vyao. Alimpeleka hospitali, akamrudisha, akampeleka tena. Signe alipona kama mtu wa mguu wa bandia anavyopona: kila asubuhi lazima auvae. Akawa dereva wa basi la shule, akanunua nyumba ndogo, akala kila saa ya kula ilipofika, atake asitake, kwa kuwa njaa yake mwenyewe haikuwa ya kuaminika. Siku mbaya zilipomjia, Ardis alizijua kwenye simu. "Umekula? Usinidanganye, hata sauti yako imekonda."

Tangu Ardis aanguke jikoni kwake akakata roho, Signe alikuwa akiishi kwa kahawa nyeusi. Kichwa kilikuwa chepesi, safi, kitamu. Utamu huo aliujua vizuri, na ulimtia kinyaa kuliko ile jeli.

Bi Marlys, mkuu wa akina mama wa jikoni, akamwinamia. "Signe, mwanangu, nikuletee kidogo?"

"Hapana, Bi Marlys, asante."

"Mkate tu na kipande cha nyama?"

"Nimeshiba, kweli."

Binamu yake Duane akadakia, mdomo umejaa, krimu imemganda kwenye masharubu. "Mwacheni, anatunza umbo! Umependeza, Signe. Umekonda vizuri. Kumbe msiba unafaa hivi, na mimi nitafute wangu."

"Wewe Duane, ukipata wako utaula," Bi Marlys akasema.

Wakacheka kidogo, kicheko cha matangani. Kilichomtia Signe kinyaa si Duane na masharubu yake. Neno "umekonda" lilikuwa limemwingia ndani, na huko ndani kitu kililipokea kwa furaha, kikaramba midomo.

"Basi nisikuwekee hata kijiko cha jeli?"

"Hapana."

Bi Marlys akampapasa bega, akaenda zake kwa wengine. Hakukosea. Hakuna aliyekosea. Signe akaona waziwazi kwamba kuanzia leo hakuna mtu katika mji huu atakayemuuliza ya nne. Watamwacha afe kistaarabu, kisha watakuja kula humu humu.

Akainuka, akaenda kwenye dirisha la jikoni. Kwao kuomba chakula ni sawa na kuvua nguo mbele za watu.

"Bi Marlys, naomba sahani."

Mwanamke mmoja aliyeshika taulo akauliza, "Si umesema hapana?"

"Nilisema. Niliongopa."

"Mara zote tatu?"

"Zote."

"Yesu wangu. Ardis mwenyewe kabisa."

Bi Marlys akachukua sahani. "Unataka nini?"

"Weka kila kitu. Usiniulize. Na jeli."

"Hata mimi siipendi," Bi Marlys akanong'ona. "Naipika tangu niolewe."

"Weka."

Alikaa mbele ya Duane. Mafuta yalimpaka ufizi. Jeli ilikuwa baridi na laini kama ulimi wa mtu mwingine. Alitafuna, akameza, koo likakataa, akameza tena, machozi yakimtiririka puani.

"Ahaa!" Duane akasema. "Kumbe ulikuwa na njaa!"

"Sina," Signe akasema, akakata kipande kingine. "Sina hata kidogo."