Wimbo wa Shangazi na Maji ya Gura

Niliondoka Mombasa kwa sababu ya wimbo. Baba, karani mstaafu wa reli, alizoea kuuimba kwa Kikuyu akinyoa ndevu: maji ya Gura ni baridi, tokeni watoto, viazi vimeiva. Aliutunga dada yake, shangazi Nyambura, ili kutuita kutoka mtoni. Tulipokuwa wadogo, kila likizo ya Desemba tulikwenda kwake Nyeri, tukaoga katika mto huo wa Gura mpaka meno yakagongana. Nikiusikia, hata katika joto la Mombasa, nyayo zangu hukumbuka yale mawe.

Tangu serikali ya Wazungu itangaze Hali ya Hatari, kuzima uasi wa Wakikuyu, hatukuwa tumepata barua yake hata moja.

"Nenda ukamwone," Baba aliniambia. "Mimi miguu imekataa."

Pasi ya kusafiri ilinichukua wiki tano. Mimi ni nesi, lakini pia ni Mkikuyu, kwa hiyo ilinibidi nimweleze Mzungu ofisini kwa nini mtu humtembelea shangazi yake. Alinipa siku nne.

Nairobi, asubuhi, Wakikuyu wote wa daraja la tatu tulishushwa na askari kutoka garimoshini, tukachuchumaa kwenye kokoto, mikono kichwani. Sukari niliyombebea shangazi ilimwagwa chini, eti wanatafuta risasi. Hakuna aliyeniambia pole.

Stesheni ya Kiganjo nilishuka alasiri, mlima ukiwa umefunikwa na mawingu. Lori la mboga lilinifikisha Nyeri mjini, nikalala mtaa wa Ruring'u kwa nesi mwenzangu. Kulipokucha nikashika njia kwa miguu.

Penye nyumba ya shangazi nilikuta nguzo zilizoungua na migomba iliyokatwa. Watu wa kilima kizima walikuwa wamesongwa katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Shangazi alikuwa amekonda hadi nikamtambua kwa sauti tu.

"Umekuja kuona nini, mwanangu?"

"Baba amenituma. Bado anaimba wimbo wako."

Alicheka, akaziba mdomo kwa leso. "Basi twende mtoni. Saa kumi wanaturuhusu kuteka maji."

Tulishuka kwa mstari, wanawake kama ishirini na askari wawili wenye bunduki. Nilipoingiza miguu majini wimbo ulinitoka bila kufikiri. Shangazi akaupokea, na wanawake wengine watatu.

"Nyamazeni," alisema askari mmoja, mtu mzima kutoka upande wa magharibi. Akanigeukia. "Mama, hii wimbo inasema nini?"

Nikamweleza.

"Viazi?"

"Viazi, afande."

Alitazama chini. "Mimi naona ni viazi tu. Lakini amri iko. Hapana imba."

"Amri ya nani?"

"Ya mkubwa."

Akaandika jina la shangazi. Nilimwambia mimi ndiye niliyeanza, aandike langu. Akajibu kwamba mimi niko na pasi, si mtu wa kijiji chake.

Asubuhi iliyofuata nilifukuzwa, siku zangu zikiwa hazijaisha. Shangazi, mwanamke wa miaka sitini, alikuwa ndani ya handaki akichimba, adhabu ya siku saba. Nilisimama ukingoni nikamwomba msamaha.

"Hukukosa kitu," alisema bila kuliacha jembe. "Msalimie kaka yangu. Mwambie mto uko palepale."

Mombasa nilimweleza Baba yote. Alichukua karatasi akamwandikia mkuu wa wilaya, kwa ule mwandiko wake wa reli, akiuliza ni sheria gani inayovunjwa na wimbo wa viazi. Hajajibiwa.

Nilichojifunza ni hiki. Miaka yote niliita Gura mahali petu pa likizo, kana kwamba mto ulikuwa unatungoja sisi. Kumbe palikuwa nyumbani kwa mtu, nasi tulikuwa wageni wake. Leo mwenye nyumba anashushwa mtoni kwa bunduki, na akiutaja mto wake kwa wimbo anachimbishwa handaki. Watu kanisani huniambia nisamehe. Nawajibu kwamba hakuna aliyekuja kuniomba msamaha.