Mwalimu wa Kigiriki na Mdogo Wake

Wanafunzi wa chuo cha uchungaji walimbandika jina Mzee Kitenzi. Alifundisha Kigiriki cha Agano Jipya miaka ishirini na sita, na ukimwamkia tu, anakunyambulia maamkizi yenyewe. Utani huo uliishia getini mwa chuo. Mkewe alifia ajalini, na aliyeshika usukani siku hiyo alikuwa mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti. Tangu mazishi, miaka kumi na moja, Mzee Kitenzi hakumpa mdogo wake hata salamu.

Jumatatu moja aliandika ubaoni: afiemi, yaani kuacha. Akaeleza kwamba wavuvi walipoziacha nyavu, kitenzi ni hiki. Homa ilipomwacha mgonjwa, ni hiki hiki. Na tunapoomba kusamehewa, hatuna kingine.

Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa muuguzi zamani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mvuvi anaacha wavu, tunauona. Anayesamehe anaacha nini?"

 Mwalimu akafuta ubao, akawaruhusu watoke mapema.

Alasiri ile alikwenda kwa mdogo wake. Karakana ilikuwa kimya, mitungi ya gesi imefunikwa turubai lenye vumbi. Shemeji yake, mke wa mdogo wake, alimpokea mlangoni.

"Kiharusi kilimpiga mwaka juzi, shemeji. Siku hizi akili inakuja na kuondoka. Tulikuletea habari mara mbili."

"Nilizipata," akasema, macho chini.

"Haya, pita umwone."

Mdogo wake alikuwa amekonda, mkono mmoja umelala juu ya shuka kama si wake. Mwalimu akapiga goti kando ya kitanda.

"Mdogo wangu, nimekuja. Yale yamekwisha. Nimeyaacha."

Mgonjwa akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mteja. "Geti lako bado, mzee. Pitia Jumanne."

"Ni mimi, kaka yako."

"Kaka hawezi kuja hapa," akajibu polepole. "Ana hasira na mimi."

Mwalimu akarudia mara tatu, akitaja jina la mama yao, nyumba waliyozaliwa. Mgonjwa akasinzia katikati ya maneno.

Alikwenda kila siku kwa wiki mbili, na kila siku alikuwa mteja. Siku ya kumi na tano alikuta kitanda kitupu.

"Sikumwahi," akasema.

"Hukumwahi," akajibu shemeji, akaendelea kukunja mashuka.