Sauti ya Tatu Kwenye Santuri

Seremala hakuwa na adabu mbele ya mbao. Hakuweza kupita mlango wa mtu bila kuugonga kidogo kwa kidole, na siku moja aligonga meza ya shemeji yake hadi mwenyewe akamuuliza kama anapiga hodi.

Lakini lililomnyima raha safari hii ni santuri. Kabla hawajaoana, mkewe aliwahi kuitikia kwenye wimbo wa bendi moja, yeye na wanawake wengine wawili. Santuri walikuwa nayo, na mashine ya kuichezea pia, ila redio ndogo waliyoiunganisha ilizikoroga sauti zote pamoja. Seremala alitaka sana kuijua sauti ya mkewe wa enzi zile, msichana ambaye yeye hakuwahi kukutana naye. Mkewe akiulizwa, alijibu tu kwamba atafute mwenyewe.

Akaenda duka la vyombo vya muziki vilivyotumika. Muuzaji alimshauri kwamba kama mfuko ni mwembamba, achukue amplifaya yoyote nzima, kinachobaki kiende kwenye spika. Akakubali amplifaya yenye mikwaruzo usoni. Kwenye spika ndipo ufundi ulipompanda kichwani. Jozi ya kwanza makasha yake yalikuwa ya vumbi la mbao lililoshindiliwa, pembe zimebanduka. Akagonga, akakunja uso. Jozi ya pili ilikuwa ya mbao ngumu, viungo vimekaa vizuri mno.

"Huzisikilizi kwanza, fundi?"

"Nimeshazisikiliza," akasema, akagonga tena.

Nyumbani zikaimba kama mtu mwenye mafua. Mkewe aliyasifu makasha, akasema yangependeza kuwekewa maua juu. Seremala akanuna mpaka usiku.

Kesho yake alizirudisha, santuri kwapani. Muuzaji, Mungu ampe heri, akakubali kubadilishana. Safari hii seremala alitia mikono mfukoni isije ikamponza, akafumba macho. Zile mbovu za pembe zilizobanduka ndizo zilizomtenganishia waitikiaji mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na sauti nyororo ya juu, na seremala akarudi nyumbani anatabasamu peke yake njiani.

Akamwekea mkewe santuri, na sauti ile ilipofika, akainua kidole. "Huyo hapo."

Mkewe akatikisa kichwa. Huyo alikuwa rafiki yake. Wa pili, dada wa huyo rafiki.

Ilibaki sauti moja, nzito, iliyopita chini ya zile mbili na kuzibeba. Seremala alikuwa akiisikia hata kwenye redio ndogo, na miaka yote alidhani ni ya mwanamume.

"Ndiyo mimi," mkewe akasema, bila kumtazama. "Walisema naimba kama dume, wakaniweka nyuma. Nilidhani ukijua utacheka."

Seremala hakucheka. Aliona aibu, kisha furaha ikamjaa kifuani hata asijue aiweke wapi. Akairudisha sindano mwanzo, akaketi sakafuni mbele ya yale makasha mabaya.

"Kumbe siku zote nilikuwa nakusikia wewe," akasema.

Kiitikio kilipofika, mkewe alikuwa ameketi kando yake, anaimba kwa sauti ya chini.